Mvua imeniharibia njia ya kukimbia, nianzie wapi tena?

Swali la msomaji wa Kitangiri, Mwanza:

"Kocha shikamoo. Nina miaka 34, nakimbia mwaka mmoja na nusu sasa, siku nne kwa wiki. Natoka saa 11 alfajiri, nashuka Kirumba, naingia barabara ya Makongoro mpaka mjini, nagusa Capri Point narudi, kama kilomita 10 hivi. Wiki tatu zilizopita upepo uliezua bati mtaa mzima na maji yakaingia ndani mpaka magotini, tangu hapo sijakimbia hata siku moja. Njia ina tope, mitaro imefumuka, na nikiwaza majirani wanatwanga misumari kwenye paa halafu mimi napita nimevaa raba naona aibu. Nilikuwa najiandaa na kilomita 21 za Rock City Marathon. Ndo nimepoteza kila kitu? Na raba zangu zililowa maji ya mtaro, zinafaa bado?"

Marahaba dada, na poleni sana wewe na watu wa kwako. Maji ya magotini ndani ya nyumba sio kitu cha kusema pole mara moja ukapita, najua godoro likishalowa lile tope haliwi godoro tena. Kama bado hamjakaa sawa, hapa kwangu soma tu uweke akiba, mbio hazikimbii.

Tuanze na hilo la kupoteza kila kitu maana naona ndio linalokunyima usingizi. Hujapoteza. Kuna utafiti wa zamani kidogo, wa 1984, Coyle na wenzake kule Marekani waliwachukua wanamichezo wa mbio na baiskeli waliokuwa fiti kwelikweli wakawaachisha mazoezi kabisa, halafu wakawa wanawapima. Siku 21 zilivyopita uwezo wao wa kutumia oksijeni, hii ambayo sisi mtaani tunaita pumzi, ulikuwa umeshuka asilimia 7. Siku 56 asilimia 16. Sasa piga hesabu, wewe uko kwenye wiki ya tatu, yaani hata ukijilinganisha na wale waliokaa bure umepoteza kidogo tu, na huo upungufu wa mwanzo sehemu yake kubwa ni kwamba maji ya kwenye damu yanapungua, moyo unasukuma damu kidogo kwa kila pigo, ndio maana ukipanda kilima unahema kama umekimbizwa na mbwa. Hiyo inarudi haraka, siku kumi, wiki mbili unaanza kuona tofauti.

Halafu wale walikaa. Wewe ulikaa? Ulizoa tope, ulibeba ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, ukienda bombani mara kumi na kurudi umebeba kilo 200, na hapo hujashika koleo. Mimi wanafunzi wangu nawaambia kila siku, mwili hausomi ratiba uliyobandika ukutani, mwili unahesabu kazi. Siku ya koleo ni siku ya mazoezi, iandike hivyohivyo kwenye daftari, "leo koleo masaa mawili", na usiongeze mbio juu yake jioni eti kwa sababu ratiba inasema Jumatano ni kilomita 8. Hiyo hali ya kuamka mwili hautaki mi sioni kama ni uvivu, naona ni uchovu halali kabisa wa mtu aliyefanya kazi ya kibarua wiki tatu halafu usiku analala nusu macho akisikiliza kama mvua inarudi.

Ila kuna mtego hapa na ndio nataka unisikilize vizuri kuliko pengine pote. Pumzi inarudi haraka, mifupa na kano hazirudi haraka. Wiki ya pili utajisikia mwepesi, utasema mbona niko freshi, utajitupa kilomita 10 zako za zamani, na ugoko utakuwa haujakubali bado. Mimi mwenyewe yalinikuta. Mwaka mmoja tulikaa karibu mwezi hatukimbii kwa ajili ya mvua, nilivyorudi nikataka kufidia, siku ya tano nikapiga mzunguko mrefu wa Pasiansi na kurudi kwa kasi, nikaona raha kweli. Wiki mbili baadaye nikawa siwezi hata kushuka ngazi, ugoko wa kulia ukibonyeza kwa kidole unaruka. Miezi miwili nje. Mwezi mmoja wa mvua nikaugeuza kuwa miezi mitatu, kwa ujinga wangu tu, hakuna wa kumlaumu.

Kwahiyo kitu cha kwanza, achana na kilomita. Kabisa. Toa ile programu ya simu inayokuonyesha umbali, au iache ila usiiangalie, kimbia kwa dakika. Wiki ya kwanza toka mara tatu tu, dakika 20, unakimbia dakika nne unatembea moja, kwa mwendo ambao ungeweza kupiga stori na mtu pembeni. Utaona kama utani. Sawa, uone hivyohivyo. Wiki ya pili ongeza ifike dakika 25 au 30 na kutembea kupungue, wiki ya tatu rudisha siku ya nne. Ukiamka asubuhi ukabonyeza ugoko au kano ya kisigino ukasikia maumivu ya sehemu moja, yaani unaweza kuweka kidole kimoja ukasema ni hapa, siku hiyo hutoki. Maumivu ya kusambaa kwenye vigimbi ni kawaida, ya kidole kimoja sio kawaida.

Sasa hapa katikati mvua itakurudia, maana msimu haujaisha, na utakuwa na siku una nafasi ya robo saa tu. Itumie. Kuna jamaa anaitwa Hickson, utafiti wake wa miaka ya 80 mwanzoni nautumia mpaka leo. Watu walikuwa wanafanya dakika 40 kwa siku, siku sita kwa wiki, wakafika juu, halafu akawakatia muda, wengine dakika 26, wengine 13 tu, lakini kasi ikabaki ileile. Wiki 15 pumzi yao ya juu haikushuka. Waliokatiwa mpaka 13 walipungukiwa kidogo kwenye kustahimili kazi ndefu, hilo lipo, ila injini ilibaki. Alivyokuja kufanya kinyume chake, muda ubaki kasi ipungue, ndio watu wakashuka. Kwa mtu wa Mwanza kwenye masika hiyo ni habari njema sana, maana yake ukishamaliza zile wiki tatu za kurudi polepole, siku yenye dirisha dogo la dakika 15 kabla wingu halijafunga inatosha kukushikilia, pasha dakika tano, kimbia haraka dakika moja pumzika moja mara tano, basi rudi nyumbani. Ila nimesema BAADA ya zile wiki tatu, usije ukaanza na hii.

Kuhusu muda wa kutoka. Hii saa 11 alfajiri yako mi siipendi tangu zamani na kipindi hiki siipendi zaidi. Kwanza giza. Sisi tuko magharibi, jua letu linachomoza saa 12 na nusu mpaka karibu saa 1, sio kama Dar wanaoamka jua limeshatoka, kwahiyo saa 11 ni usiku wa manane tu umepewa jina zuri. Njia uliyoikariri mwaka mzima mguu wako bado unaikumbuka vile ilivyokuwa, na haiko vile tena: mfuniko wa mtaro umeondoka na maji, ukingo wa lami chini yake udongo umekombwa umebaki kama keki, unakanyaga unaingia. Nenda kwanza mchana, kwa miguu, bila raba, kama mtu anaenda sokoni, uikague yote. Ukifika maeneo ya Mto Mirongo, ule unaotoka Mabatini unapita katikati ya mji kwenda ziwani, tazama kingo zake na madaraja ya watembea kwa miguu kabla hujaamini chochote.

Pili ni radi. Waulize wavuvi pale Mwaloni watakwambia bila kusoma kitabu: ziwa linapika mvua usiku. Usiku nchi kavu inapoa upesi, maji yanabaki na joto la mchana, upepo unatoka bara pande zote unakutana katikati ya ziwa, hewa inapanda, wingu linajengeka, na ukifika alfajiri ndio linafumuka. Ndio muda ule wewe uko barabarani kandokando ya maji, mrefu kuliko kila kitu. Kanuni ni hii, ukiona umeme hesabu, ngurumo ikifika kabla hujamaliza sekunde 30 uko karibu mno, ingia ndani ya nyumba au gari, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Chini ya mti hapana. Chini ya mwamba pia hapana, nasema hivi kwa sababu watu wa kwetu tuna huu ugonjwa wa kujibanza kwenye mawe tukidhani jiwe ni nyumba. Na mawe yenyewe baada ya mvua kubwa udongo unaoyashika unakuwa umelegea, kwahiyo zile njia za mkato za kupanda kati ya miamba mlimani zipumzishe kidogo.

Mimi ningehamia saa 12:45 asubuhi kukishapambazuka, au kama kazi inakubana basi jioni saa 11, ukiwa umeangalia taarifa ya hali ya hewa ya TMA na umeangalia ziwa kwa macho yako. Lakini chagua moja ubaki nayo. Hapa ndio penye siri yote kwa maoni yangu, watu wanadhani wanachopoteza kwenye mafuriko ni njia, wanahangaika kutafuta njia mpya nzuri kama ile ya zamani, wasipoipata wanaacha. Kumbe kilichokuwa kinakubeba mwaka mmoja na nusu ni ile saa. Mwili ulijua saa fulani tunatoka. Njia ibadilike, umbali ubadilike, hata kukimbia kwenyewe kubadilike, ile saa usimpe mtu. Mvua ikinyesha saa hiyo, ruka kamba barazani dakika kumi, simama kwenye ngazi kwa ncha za vidole upande ushuke mguu mmoja mmoja mara 15, rudia mara tatu, hiyo ya ngazi ndio dawa ya vigimbi na kano kuliko kitu chochote ninachokijua na haina gharama. Siku ya koleo, toka na koleo saa hiyohiyo.

Njia kwa sasa hivi: baki kwenye lami iliyo juu. Capri Point kwenyewe huko kwenye mzunguko kunapitika mara nyingi, shida ni kufika, basi panda daladala mpaka mjini ukaanzie hapo, sio dhambi. Au tafuta kiwanja cha shule kilicho mwinuko karibu na nyumbani, omba ruhusa, zunguka. Inachosha akili, najua, mi mwenyewe nikizunguka kiwanja mara ya saba naanza kuhesabu kunguru.

Maji usiyapite. Hata ya kwenye kifundo cha mguu, hata ukiona bodaboda wanapita. Kuna sababu ya kwanza ambayo kila mtu anaijua, huoni chini kuna nini, shimo, msumari wa bati, chupa. Waya wa umeme ukiwa chini au umegusa maji chukulia una moto, rudi ulikotoka, piga simu TANESCO, usijaribu kuruka. Halafu kuna ambayo watu wanaisahau. Sisi tunaokaa kandokando ya ziwa hili kichocho ni chetu, vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa majini na vinapenya ngozi nzima isiyo na hata mchubuko, kwa dakika chache tu. Ziwa likipanda linakuja juu ya nchi na majani yake na konokono wake. Mwaka 2020 lilipanda mpaka kwenye kimo cha ile rekodi ya 1964, wengine tulikuwa tunakimbia pwani kwenye mchanga tukashangaa pwani yenyewe haipo, pamekuwa na dimbwi na matete, na watoto wanaoga humo. Dimbwi la namna hiyo lizunguke hata kama litakuongezea nusu kilomita.

Wewe ulishakaa ndani ya maji ya magotini tayari, kwahiyo nakushauri hivi. Ukipata homa kali, kichwa, misuli ya vigimbi inauma isivyo kawaida, macho mekundu, usijisemee "ni malaria tu" ukanunua dawa dukani, na usijisemee "ni mazoezi" pia. Nenda kituo cha afya upime malaria, na umwambie daktari wazi kwamba nilikaa kwenye maji ya mafuriko, kwa sababu mkojo wa panya kwenye maji unaleta ule ugonjwa wa homa ya mgunda, ule uliotangazwa Lindi mwaka 2022, na daktari asipojua ulikuwa kwenye maji anaweza asiufikirie. Kichocho chenyewe mpe muda, minyoo inachukua kama wiki sita mpaka nane kukomaa, kapime baada ya hapo, dawa ya praziquantel haiwamalizi wakiwa wachanga. Kama ulichomwa na bati au msumari na hukumbuki sindano ya pepopunda ya mwisho ulichoma lini, hiyo sio ya kusubiri, nenda leo. Tumbo likiharisha mbio zinasimama mpaka siku mbili baada ya kupona, na maji ya kunywa chemsha hata kama bomba limerudi.

Haya, aibu. Nimeiacha huku kwa sababu ndio ngumu.

Sikwambii usione aibu, hiyo aibu ni adabu, inaonyesha umelelewa. Mtu ana watoto watatu chini ya turubai, wewe unapita na kaptula ya kubana unatazama saa ya mkononi, kweli haipendezi. Lakini angalia, mtaa haukuchukii kwa kukimbia, unachukia kuonekana kama yaliyowapata hayakuhusu. Watu wa klabu za jogging wanalijua hili, ndio maana utawaona Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, wanakimbia kidogo halafu wanaishia kwenye mtaro na mafagio. Fanya hivyo kidogokidogo. Wiki hii ya kwanza una dakika 20 tu za mbio, saa yako ilikuwa nzima, zile dakika 40 zilizobaki zipeleke kwa jirani mmoja, shika ngazi anavyogongelea bati, beba ndoo mbili. Unapata ile kazi ya mwili ambayo nimeshakwambia inahesabika, na siku unapita na raba hakuna atakayekutazama vibaya, tena utasikia "leo umechelewa dada, tumeshaanza". Kuna mama mmoja kwenye kikundi chetu alifanya hivi, sasa anakimbia na mabinti wawili wa jirani yake.

Kilomita 21 zipo palepale. Kama kuanzia leo mpaka siku ya mbio una wiki 12 au zaidi, unakimbia vizuri tu. Zikiwa nane, utamaliza ila futa ile namba ya muda uliyoiweka kichwani. Chini ya sita, hamia mbio fupi mwaka huu kama wanaruhusu kubadilisha, na usinitumie ujumbe wa kunibembeleza.

Raba. Mpaka sasa wiki tatu zimepita, kama uliziacha kwenye mfuko zikiwa mbichi zitupe, ukungu ukishaingia ndani ya soli unakuletea fangasi na harufu haitoki. Kama zilikauka, toa soli ya ndani uitupe, osha kwa maji safi na sabuni, suuza na maji yenye jiki kidogo sana, suuza tena, jaza magazeti ndani, anika kivulini kwenye upepo, badilisha magazeti kila yakilowa. Usizianike juani siku nzima wala karibu na jiko, gundi inaachia, utakimbia soli inapiga makofi. Zikikauka zikunje kwa mikono, zikirudi ni nzima, zikibaki zimekunjika au soli imekuwa ngumu kama ubao basi nenda kwenye mitumba pale Mlango Mmoja asubuhi mzigo ukifunguliwa, vaa zote mbili kulia na kushoto utembee nazo pale pale, na angalia kisigino kama kimelika upande mmoja, maana huo ni mwendo wa mtu mwingine unaununua.